Mwiko wa Mama Sabuni

Mama mkwe hakusema naomba. Alinyoosha mkono mbele ya watu pale sebuleni, akaukwapua mwiko kutoka mkononi mwa mke wa mwanawe, akaushika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya mfu.

"Kuanzia leo jikoni kwangu huingii," akasema. "Nenda kasuke nywele za watu. Kupika tuachie sisi wenye mikono misafi."

Wenye mikono misafi! Jamani, yako matusi mtu huyameza kwa funda la maji, na yako mengine hukwama kooni kama mwiba wa samaki. Hili lilikwama. Maana aliyeambiwa maneno hayo hakuwa mwingine ila Mama Sabuni, na jina hilo hakulipata kwa kuuza sabuni.

Alikuwa msusi. Kibanda chake cha saluni kilikuwa kando ya barabara, viti viwili na kioo kimoja chenye ufa, na ni wateja wake waliombandika jina. Mteja akiingia, Mama Sabuni ananawa. Akimaliza kichwa, ananawa. Akishika simu, akipokea hela, akimfuta mtoto kamasi, mbio kwenye ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni. "Wewe ukifa," walimtania, "wala hatuhangaiki kukuosha, utakuwa umeshajiosha." Naye alicheka nao, mikono ikiwa bado na povu.

Nyumbani aliishi na mumewe na watoto wao kwa wakwe zake, na jikoni mle ndimo alimotawala. Ubao wa kukatia nyama ulikuwa mbali, wa mboga mbali, na ole wake atakayekata nyanya juu ya ubao wa nyama. Kuku mbichi alikaa kwenye beseni lake peke yake, na maji yake yalimwagwa polepole yasije yakarukia vyombo. Vitambaa vya kufutia alivichemsha kwenye sufuria kuukuu, akavianika juani vikakauka kau. Dodoki likianza kunuka, halikuombewa msamaha, lilitupwa. Wali uliobaki haukulala mezani. Hata mende wa nyumba ile walishakata tamaa, wakahamia kwa jirani.

Haya. Huyo ndiye aliyeitwa mchafu.

Ilikuwa hivi. Wifi yake, mdogo wa mwisho wa mumewe, alikuwa amepata mchumba, kijana seremala mwenye adabu zake. Upande wa kijana wakaja kula na kufahamiana: baba yake, mama yake, na shangazi yake. Huyo shangazi alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye miwani na sauti ndogo, na kila mtu alijua kwamba katika ukoo ule baba wa kijana anaongea lakini Shangazi ndiye anayeamua.

Mama Sabuni aliamka akapika. Wali, kuku wa mchuzi, mboga za majani, na mwishoni matunda yaliyokatwa vipande vidogovidogo. Chakula kilitia fora. Shangazi aliongeza mara mbili, akasema kama mkono uliopika huu upo nyumba hii, basi kijana wao hatakufa njaa huko anakokwenda kuoa.

Wageni hawakula kwenye sahani za kila siku. Hilo lingewezekana wapi! Mama mkwe alifungua kabati.

Kabati lile lilisimama sebuleni, limeegemea ukuta, milango ya kioo mbele, na ndani yake sahani nyeupe zenye ukingo wa dhahabu, vibakuli vya matunda, glasi za miguu mirefu, kila kimoja kimekalia kitambaa cha kufuma. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa mama mkwe kwa uzi mweusi, alilala nao na kuoga nao. Hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kugusa vyombo vile. Mama Sabuni alipokuwa bibi harusi mpya alithubutu mara moja kuuliza, "Mama, nikusaidie kuvitoa?" Akajibiwa, "Uvivunje? Hivi ndivyo vyombo visafi kuliko vyote humu ndani. Vinakaa kwenye kioo." Tangu siku hiyo kabati likifunguliwa, yeye yuko jikoni na masufuria yake, anasubiri mama mkwe amletee sahani apakue tu, na kinachofanyika sebuleni hakijui.

Basi sebuleni wakala wageni watatu na mume wa Mama Sabuni, wote kwenye sahani za dhahabu. Baba mkwe, fundi baiskeli aliyestaafu, alikaa nao meza moja, lakini na bakuli lake la bati lililobanduka rangi. Mama mkwe akamkanyaga mguu chini ya meza. Mzee akajifanya mguu si wake. "Sahani zenu hizo zinanitisha," akawaambia wageni. "Nikilia humo sishibi." Wali akalia humo, mchuzi humo, na matunda akamalizia humo humo. Wengine, yaani mama mkwe, wifi, Mama Sabuni na watoto, walikula jikoni kwenye sahani za bati, sufuria ile ile, kuku yule yule.

Kesho yake watu wakaanza kudondoka.

Wa kwanza ni mume. Alikimbilia chooni na kiatu kimoja. Kabla hajatoka, simu ikalia: upande wa pili baba wa kijana anatapika, mama wa kijana anaharisha, na Shangazi amelala chali hana hata nguvu ya kuvaa miwani. Wote wakaishia zahanati. Mume akarudi jioni akijishikiza ukutani, mfuko wa dawa mkononi, akajibwaga kwenye kochi.

"Daktari anasema ni vijidudu," akasema. "Ama kwenye chakula, ama kwenye vyombo."

Mama Sabuni alikuwa ametoka jikoni kumsikiliza, mwiko mkononi, uji wa mgonjwa ukitokota nyuma yake.

"Chakula!" mama mkwe akadakia. "Na vyombo ndiyo hayo masufuria yake! Si nilisema? Mtu anashinda na nywele za watu, anakuja kutushikia mboga!"

Hapo ndipo mwiko ulipokwapuliwa. Wifi akaanza kulia kwamba uchumba wake umekwisha. Baba mkwe akakohoa akatazama dirishani. Na mume? Mume ambaye alikula mapishi ya mwanamke huyu miaka yote bila hata kujikuna, akainamisha kichwa. "Mama, basi," akasema. "Ngoja apumzike kidogo."

Apumzike! Eti apumzike! Kama vile aliomba likizo! Mama Sabuni alimtazama mumewe mpaka yule bwana akafunika uso kwa mfuko wa dawa.

Maneno hayana miguu lakini hufika. Keshokutwa yake saluni, mteja wa kwanza alikaa kitini, akajitazama kwenye kioo chenye ufa, akasema, "Mama Sabuni, tumesikia povu limeisha."

Wenzake wakacheka. Naye akajikaza kisabuni, akacheka. Lakini alipomimina chai kwenye vikombe kama kawaida yake, yule mteja aliyezoea kumaliza viwili akasema leo hana hamu. Mwingine akasema ameshakunywa nyumbani. Chai ikapoa kwenye vikombe hadi ikafunga utando juu. Aliimwaga nje. Mtu kama yeye hana shamba wala cheo. Alikuwa na jina tu, na kwa jina hilo watu walimkabidhi vichwa vyao na watoto wao. Msusi akishaitwa mchafu, nani atamkalia kitini?

Nyumbani alisimama kwenye mlango wa jiko lake mwenyewe kama mgeni, akawaza. Watoto walikula: wazima. Wifi alikula: mzima, analia tu. Mama mkwe alikula na kulamba vidole: mzima, mdomo unafanya kazi vizuri kabisa. Mzee alikaa katikati ya wote walioumwa, akala kila walichokula: mzima, anapiga mluzi.

"Hebu niambie," akamwambia mumewe chumbani. "Ni chakula gani hicho kinachochagua watu?"

"Labda wageni wana matumbo laini."

"Na wewe je, wewe ni mgeni?"

Mume akageukia ukuta. "Mke wangu, usikuze mambo. Yatapita."

Yatapita kwa nani? Uchafu ukishapakwa mtu hauondoki kwa kunyamaziwa. Lakini jiko lilikuwa limefungwa kwake, basi akalala na donge lake.

Jumamosi mchana Shangazi akaja peke yake. Alikuwa amepungua, sketi imemlegea kiunoni na ameikaza kwa pini. Mama mkwe akampokea kwa bashasha iliyozidi kipimo, akamkalisha kwenye kochi kubwa. Mume, mzee na wifi wakaitwa. Mama Sabuni hakuitwa. Alikuwa koridoni na beseni la nguo zilizokauka, nyuma ya pazia la mlango, na mwenye masikio haambiwi asikie.

"Sisi hatukuja na ugomvi," Shangazi akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Ila nyumbani wanaulizana. Binti wanayemchukua anatoka nyumba ya namna gani?"

"Shangazi yangu, ondoa shaka!" mama mkwe akasema. "Aliyewapikia si damu yetu. Ni mke wa mwanangu tu. Uchafu amekuja nao kwao, mama yake hakumfunza. Jikoni nimeshamtoa. Huyu binti yangu nimemlea mimi, kwa mikono yangu."

Mama Sabuni aliweka beseni chini.

Yeye kutukanwa, sawa, alikuwepo kujitetea. Lakini mama yake! Mama yake ambaye alimfundisha kuchemsha vitambaa kabla hajajua kuandika, ambaye alikuwa akiwanusisha sufuria watoto wake moja moja kabla ya kuziweka rafuni. Mama yake amelala kaburini, anapakwa matope na mtu aliyemaliza kuku wa watu akalamba na mifupa! Damu ilimchemka. Akashika pazia, lakini hakujua bado akitoka atasema nini.

Ndipo akaona.

Mama mkwe alikuwa amevua ufunguo shingoni. Akafungua kabati, akatoa glasi ya mguu mrefu. Kutoka katikati ya sahani akachomoa kitambaa kilichokunjwa vizuri, kitambaa kizuri chenye maua ya uzi kwenye pembe, ambacho zamani kilikuwa cheupe. Akaipulizia ile glasi pumzi ndani, haaah, akaisugua kwa kitambaa, akaitazama kwenye mwanga, akaridhika. Kitambaa akakirudisha palepale, kati ya sahani. Akamimina juisi ya machungwa mpaka juu, akamkabidhi mgeni.

Shangazi akaipokea, akaiinua.

"Shangazi, usinywe!"

Pazia lilikuwa limeshafunguka. Watu wote wakageuka. Mama Sabuni alisimama katikati ya sebule, kanga imemlegea, pumzi juu juu.

"Kha! Una wazimu?" mama mkwe akafoka. "Unamnyang'anya mgeni kinywaji?"

"Mama, nisamehe, swali moja tu. Hiyo glasi umeiosha?"

"Itaoshwaje wakati ni safi?"

"Na zile sahani siku ile. Kabla sijapakua, uliziosha?"

"Nilizifuta! Nikimaliza kutumia huwa naosha, nafuta, naweka. Toka hapo zinachafukia wapi? Kabati lina kioo!"

"Na kitambaa? Kitambaa kimefuliwa lini?"

Mama mkwe alimtazama kwa mshangao wa kweli kabisa, mshangao wa mtu anayeulizwa kama maji nayo huoshwa. "Kitambaa kinafuta vyombo visafi," akasema. "Kitachafukaje?"

Loo! Mzee akafumba macho.

Mama Sabuni akaenda kabatini. Mkono ambao haujawahi kuruhusiwa humo uliingia, ukachomoa kitambaa, akampelekea mumewe puani. "Nusa." Mume akanusa, akarudi nyuma hadi kichwa kikagonga ukuta. Akampelekea Shangazi. Shangazi alivua miwani kwanza, kana kwamba harufu nayo inaonekana, akanusa, akasema, "Mungu wangu." Kilinuka uvundo wa nguo iliyokunjwa mbichi, na chini ya uvundo ule kulikuwa na kitu kingine, kikali, kinachochoma.

Akatoa sahani, rundo zima, akaziweka mezani. Akatoa vibakuli vya matunda. Mbele kabati lilikuwa kioo, ndiyo, lakini nyuma lilikuwa ubao laini ulioegemea ukuta, na kwenye pembe ya chini ubao ule ulikuwa umetafunwa tundu la kutosha kupitisha ndimu. Kitambaa cha kufuma cha pembe ile kilikuwa kimechanwachanwa na kufinyangwa kuwa kitanda, kitanda cha mtu na familia yake. Na ndani ya kibakuli cha matunda, chenye ukingo wa dhahabu, mlikuwa na mavi ya panya, meusi, makavu, kama punje za mchele uliounguzwa.

"Hawa ndio walioalikwa," Mama Sabuni akasema, na sauti yake ilikuwa inapasuka. "Usiku wanatembea juu ya sahani, wanakojoa juu ya sahani. Wewe mama unakuja na kitambaa chako unaupakaza mkojo wao vizuri pande zote. Kisha mimi napakua chakula changu cha moto juu yake, na matunda yangu mabichi ndani yake. Walioumwa ni wote waliokula humu. Waliopona ni wote waliokula kwenye bati. Baba alikaa nao meza moja akala kwenye bakuli lake, mbona haumwi? Sufuria ni moja! Kuku ni mmoja! Na mama yangu alinifunza. Alinifunza sana!"

Shangazi akaiweka glasi mezani polepole, juisi haijapungua hata tone. Akavaa miwani, akachukua mkoba wake. "Nimeona," akasema. "Nitafikisha habari." Akaondoka.

Sasa wewe unayesikiliza utadhani hapo ndipo watu walipomwangukia Mama Sabuni miguuni. Thubutu! Mlango ulipofungwa tu, moto ukawaka upya. Wifi akapiga yowe: "Umenivunjia ndoa yangu!" Mama mkwe akakaa chini kati ya sahani zake: "Umenivua nguo mbele ya wakwe!" Na mume, yule bwana, akapata ulimi aliokuwa ameupoteza tangu zahanati.

"Mke wangu, ukweli unao," akasema. "Lakini ungeninong'oneza."

"Nikunong'oneze?" Mama Sabuni akamsogelea. "Mimi nilisingiziwa kwa sauti. Mtaa mzima unajua, chai yangu hainyweki saluni, mama yangu ametukanwa kaburini, yote kwa sauti. Halafu haki yangu ndiyo inong'onwe? Na huyo mama wa watu angekunywa ile glasi wakati mimi nalitafuta sikio lako! Nikiwa mchafu nina kosa, nikiwa msafi nina kosa. Basi kaeni na kabati lenu."

Akabeba beseni lake la nguo akatoka. Tangu saa ile hakulikanyaga jiko. Watoto wake aliwapikia saluni, kwenye jiko dogo la mafuta ya taa, nyuma ya kiti. Nyumbani mama mkwe akashika mwiko. Siku ya kwanza maharagwe yaliungua, ya pili chumvi ilimwagwa kama adhabu, na ya tatu mzee alionekana akishuka barabarani na bakuli lake la bati kwapani, akaingia saluni, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Nimekuja kusukwa," akasema, naye ana upara. Mama Sabuni akacheka bila kupenda, akampakulia. Mzee akala, akafuta mdomo. "Mwanangu, mimi nilipaswa kusema siku ile. Niliona mimi mzima na wenzangu wanakufa, nikanyamaza, kwa kuwa namwogopa mke wangu."

"Najua, baba," akamjibu. "Sote tunamwogopa. Ndiyo maana panya wamejenga."

Wiki iliyofuata wifi alikuja saluni mbio, simu mkononi, machozi yameshabadilika rangi. Shangazi amepiga. Wanakuja tena Jumapili, wote watatu. "Amesema, nakuambia kama alivyosema: 'Nilitoka kwenu na hasira. Nikafika kwangu, nikalitazama kabati langu la vyombo, nikalifungua. Sitasema nilichokikuta. Nimekaa kimya siku zote hizi kwa aibu.' Na amesema watakula, lakini apike yule yule, na wapewe bakuli kama la baba." Wifi akamshika mikono, ile ile yenye mafuta ya nywele. "Wifi, nilikukosea. Nisaidie."

Huyo aliomba radhi palepale, mbele ya wateja wawili na mmoja aliyekuwa nusu kichwa, ikapokelewa palepale.

Mama mkwe alikuja kivyake. Jumapili asubuhi, Mama Sabuni akiwa anasugua sinki, alimsikia nyuma yake akiburuta ndara. Alisimama mlangoni na mwiko umefichwa kwenye kanga.

"Mwanangu, basi yaishe," akasema chini chini, akitazama kama kuna anayesikia. "Kabati nimelimwaga nje. Fundi kaziba tundu. Shika mwiko wako."

Mama Sabuni alikausha mikono. Mwiko hakuushika.

"Mama, huu mwiko uliuchukua wapi?"

"Ah, sasa mambo gani hayo..."

"Uliuchukua sebuleni, mbele ya watu. Sebuleni ndiko ulikoniita mchafu. Sebuleni ndiko ulikomtaja mama yangu, mbele ya Shangazi. Matusi sebuleni, radhi jikoni? Hapana, mama. Wifi ameshaniomba radhi, kwa hiyo nitapika, nimeshaazima mwiko kwa jirani. Lakini kupakua sitapakua. Mwiko wangu utarudi kwa njia uliyotokea."

Mama mkwe akaurudisha mwiko kwenye kanga, akaondoka na ndara zake. Mume akatumwa. Akaja akasema mama ni mtu mzima, afikiriwe. "Na mimi ni mtoto?" akaulizwa. Naye safari hii, kwa mara ya kwanza, alikaa kimya kwa faida: akachukua kitambaa akaanza kuosha vyombo vya bati kwa maji ya moto, kimoja kimoja, na hata aliposema kidole kimeungua hakuacha.

Wageni wakafika, wakakaa. Mlango kati ya sebule na jiko uliachwa wazi. Masufuria yamejipanga juu ya meza ya jikoni, vifuniko vimekaza, na harufu inapita nyumba nzima bila ruhusa. Mbele ya kila mtu pana bakuli la bati. Mama Sabuni amesimama pembeni ya masufuria yake, mikono imekunjwa.

"Karibuni, karibuni!" mama mkwe akasema, jasho likimtoka puani. "Yaliyopita si ndwele. Mwanangu, tupakulie!"

"Mwiko wangu sina, mama," Mama Sabuni akasema kwa adabu.

Watu wakatazamana. Baba wa kijana akameza mate. Mzee akagonga bakuli lake tupu kwa kijiko, ting, akatazama dari. Shangazi alikuwa amemkazia macho mama mkwe kupitia miwani yake, na ilionekana wazi kwamba mgeni huyo hana haraka hata kidogo.

Mama mkwe akainuka. Akaingia chumbani, akatoka na mwiko. Safari hii hakuushika kwa ncha za vidole, alikuwa ameukumbatia. Alisimama katikati ya sebule, pale pale. Shingoni mwake hamkuwa na uzi mweusi.

"Siku ile," akasema, "nilisema mke wa mwanangu mchafu. Nikasema mama yake hakumfunza." Akaukaza mwiko kifuani. "Chakula chake kilikuwa kizuri. Ni mimi niliyewalisha kinyesi cha panya, kwenye sahani zangu za heshima, kwa kitambaa changu. Mama yake alimfunza. Mimi ndiye ambaye sikufunzwa, na nilipoambiwa nilikataa."

Akatembea mpaka jikoni, mlango ukiwa wazi, watu wote wanaona, akamnyooshea mwiko kwa mikono miwili.

Mama Sabuni akaupokea kwa mikono miwili. Akamwambia, "Asante, mama." Kisha akageuka, akafungua bomba, akachukua sabuni, akauosha mwiko ule mbele ya wote, shingo na kichwa, mbele na nyuma, akausuuza kwa maji ya moto ya birika, ndipo akafunua sufuria.